Wale jamaa wa mfumo wa mauzo wamenifungia duka halafu wananiambia "UWE NA SIKU NJEMA"!!!

Baba Nondo (mwanzisha uzi):
Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka simu inateleza mkononi.

Jina sitaji, mnawajua. Ndio wale wale waliozunguka Kariakoo nzima wakigawa kofia na fulana, "hamia kwenye wingu, tupa daftari". Nikahamia, hesabu zote za duka zikaenda kukaa kwenye kompyuta zao huko mtandaoni.

Leo mwisho wa mwezi duka limefurika. Kuna mkandarasi wangu wa Kibiti, mzee wa heshima zake, lori limeshapakia nondo na saruji. Kijana wa kaunta anabonyeza atoe ankara, kioo kinakuwa cheupe, katikati kimeandikwa: "Akaunti yako imesimamishwa. Uwe na siku njema."

Siku njema! Lori limeziba mtaa, trafiki anakuja anapuliza filimbi, na mtu aliyenifungia duka ananitakia siku njema!

Kosa langu eti malipo ya mwezi "hayajasoma". Wanatoza kwa dola, benki imekata, meseji ninayo, kwao hayajasoma. Nawaandikia sapoti, linanijibu roboti: "Habari! Nimefurahi sana kusikia kutoka kwako." Nataka mtu mwenye mdomo! Naambiwa nitajibiwa ndani ya saa 72 za kazi. Leo Ijumaa jamani. Huyu mzee atakaa juu ya mfuko wa saruji mpaka saruji igande naye.

Wadeni wangu wote wamo humo. Mabati ya stoo ya Gerezani yamo humo. Nikasema basi nipeni data zangu tu nijue nani namdai. Jibu: kupakua data kunahitaji kifurushi cha juu, ingia kwenye akaunti yako ukilipie. Akaunti ipi? Hiyo mliyoifunga?

Halafu chini tena: uwe na siku njema. WAKUU!

Mama Vitenge:
Hao hao! Mimi walinipandishia bei katikati ya Ramadhani, nikiuliza wanasema nilikubali masharti. Masharti yenyewe marefu kuliko reli ya Tazara, nani anasoma?

Kijana wa Temeke:
Mkuu umepewa kofia ukatoa duka 😂😂

Fundi Seva:
Pole kaka, ila haya hayajaanza kwako. Mwaka 2013 kampuni ya Marekani ya kuhifadhi data, Nirvanix, ilifunga ikawapa wateja kama wiki mbili wahamishe mafaili yao. Mwaka huo huo Uingereza kampuni ya huduma za kompyuta, 2e2, ilifilisika, wasimamizi wakawaandikia wateja wachange pesa ili kituo cha data kisizimwe. Na Mei 2024 UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, akaunti yao ilifutika kwa kosa la upande wa Google Cloud. Kilichosaidia kuwaokoa ni nakala ya akiba ya data waliyoiweka kwa mtoa huduma mwingine. Wewe nakala yako iko wapi?

Baba Nondo:
Nakala walisema wanayo wao! Kila usiku! Iko humo humo kwenye akaunti waliyoifunga! Na bado wananiambia siku njema!

Fundi Seva:
Basi huna nakala. OVH, kampuni ya Ufaransa ya kukodisha seva, walipoungua Strasbourg Machi 2021, kuna wateja waliokuwa wamelipia nakala na zilikuwa jengo lile lile. Zikaenda zote na moto.

Kijana wa Temeke:
Si umwandikie mzee kwenye karatasi aende zake? Lori zima kwa sababu ya risiti?

Baba Nondo:
Dogo, aende bila risiti ya kodi? Akikamatwa njiani utamlipia faini wewe?

Bi Mkubwa wa Daftari:
Ndiyo maana mimi mpaka leo natumia kaunta buku na kalamu. Haihitaji dola wala bando.

Fundi Seva:
Bibi shikamoo, ila Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 hayo madaftari yalisalimika?

Bi Mkubwa wa Daftari:
Marahaba. Langu nalala nalo nyumbani.

Gesti ya Paje:
Nyie mna afadhali, mtandao mnao. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini huko Afrika Kusini? Mfumo wangu wa vyumba ulikuwa mzima kabisa, mimi ndiye sikuweza kuufikia. Wageni mlangoni na mabegi, sijui nani kalipia chumba kipi. Mzungu mmoja akalala kwenye hamoki kwa hasira.

Mkenya Halisi:
Hiyo ya mkubwa wa nondo ni kitu kidogo. Huku kwetu ule mfumo wa ankara za kodi ukilala, duka lote linalala. Mteja anakuangalia, wewe unaangalia kale kaduara kanazunguka.

Mama Vitenge:
Afadhali kaduara. Mimi bando la mwezi linaisha tarehe tisa na sijafungua hata video moja. Nani anakula?

Kijana wa Temeke:
Mume wako 😂

Mama Vitenge:
Koma wewe, mimi si wa rika lako.

Baba Nondo:
Turudi kwenye mada jamani! Mtu amenifungia duka!

Mjenzi Mpya:
Baba Nondo, bati geji 28 unauzaje? Najenga Chanika.

Baba Nondo:
Bei zote zimo kwenye mfumo ndugu yangu. Nipigie Jumanne.

Mkenya Halisi:
Na stima ikipotea je? Wingu bila stima ni nini?

Gesti ya Paje:
Usiniguse hapo. Nilinunua jenereta la "Kijapani", linakunywa mafuta usiku kucha na taa za bustani haliziwashi zote. Fundi aliyeniuzia kabadilisha namba.

Mama Vitenge:
Huyo fundi mwembamba ana pikipiki nyekundu?

Gesti ya Paje:
Ndiye!! Kakupata na wewe?

Mama Vitenge:
Friji langu analo tangu mfungo sita.

Mjenzi Mpya:
Mkuu wa Paje, hilo jenereta unaliuza?