PT6A-114A: ITT, Ng na mafuta vyote vimepanda kwa torki ileile. Nioshe kompresa au nifungue sehemu ya moto?

Bomba_la_P3
Habari wakuu. Nina Caravan 208B (ndege ya propela moja inayotumia injini ya tabaini PT6A-114A) inayoruka Dar, Unguja na Mafia, na mara kwa mara inaingia viwanja vya vumbi vya mbugani. Nimelinganisha rekodi za safari zenye mwinuko mmoja, joto la nje lilelile, torki (nguvu ya kuzungusha propela) futi-pauni 1,500 na propela mizunguko 1,800 kwa dakika. Ng (kasi ya mzunguko wa kompresa) imetoka 95.1% hadi 96.3%, ITT (joto la gesi kati ya tabaini) kutoka sentigredi 690 hadi 722, na mafuta kutoka pauni 340 kwa saa hadi 352. Imepanda polepole, haikuruka ghafla. Ukaguzi wa sehemu ya moto (chemba ya kuchomea na tabaini) bado una saa nyingi mbele, lakini ofisini wanataka tuufanye sasa hivi. Ningependa kusikia walioshika injini hizi: nianzie wapi?

Flanji_C
Mkuu, usitenganishe injini bado. Namba zako zimeshakuonyesha upande wa kuanzia.

Soma mishale yote mitatu kwa pamoja. Ng, ITT na mafuta zikipanda zote, tatizo liko upande wa baridi: kompresa chafu, kompresa iliyolika, au hewa inayovuja. Sehemu ya moto ikichoka, yaani ringi ya vani (mapanga yasiyozunguka yanayoelekeza gesi kwenye tabaini) imeungua au nafasi kwenye ncha za bledi za tabaini ya kompresa imeongezeka, ITT na mafuta hupanda lakini Ng hushuka, au hubaki palepale. Tabaini inakuwa imeshindwa kuizungusha kompresa kama zamani, na moto wa ziada unapotea bure. Ikipanda ITT peke yake huku viwili vingine vimetulia, shuku kipimo: waya za themokapo (vihisi joto), viunganishi, au rezista ya kurekebishia.

Kwa hiyo kwako ni upande wa baridi. Ila kabla ya kugusa maji, ondoa waongo watatu.

Wa kwanza ni kipimo cha torki. Kikisoma chini ya ukweli, rubani anaongeza nguvu ili kufikia 1,500, na mishale yote inapanda kama vile kompresa ni chafu. Muulize rubani kuhusu kasi: ikiwa ndege nayo inakwenda kasi kuliko zamani kwa torki hiyohiyo, basi kipimo ndicho kinachodanganya.

Wa pili ni separata ya inesha, yaani mlango unaotenga vumbi na hewa inayoingia kwenye injini. Mlango usiporudi kabisa kwenye hali ya kawaida, au sili yake ikipasuka, injini inakula hewa pungufu siku nzima. Fungua kava, sukuma mpini hadi mwisho, kisha angalia kwa macho kama mlango umekaa. Usiridhike na mpini kuwa mbele.

Wa tatu ni hewa inayovuja. Hita ya kabini imezimwa lakini hewa ya moto bado inatoka? Vali haifungi. Angalia pia vali ya kupunguzia hewa ya kompresa: kwenye nguvu ya kuruka inatakiwa iwe imefungwa. Alama za masizi au rangi iliyoungua kwenye maungio ya mabomba zitakuonyesha panapovuja.

Chumvi_na_Nikeli
Naungana na hapo juu. Baada ya hayo, osha. Kuna kuosha kwa aina mbili na watu huzichanganya. Kusuuza chumvi ni maji safi peke yake, na kwa ndege inayolala pwani kila siku hufanywa kila siku baada ya safari ya mwisho. Kurudisha uwezo ni kuosha kwa sabuni maalumu kisha kusuuza, na hufanywa pale rekodi zinapoonyesha kupanda kama kwako.

Injini ipoe kwanza kwa muda uliotajwa kwenye kitabu cha matengenezo. Maji baridi kwenye chuma cha moto yanapasua. Vuta sakiti breka ya ignisheni na uitundikie kibao, weka mpini wa mafuta kwenye kukata, zima hewa ya kabini. Bomba la P3 (linalopeleka shinikizo la hewa ya kompresa) linaloenda kwenye kidhibiti mafuta litenganishwe na kuzibwa kama kitabu kinavyoelekeza, maana maji yakiingia humo unajitafutia tatizo jipya.

Zungusha kwa stata. Ng ikifika karibu 5% anza kuingiza maji, na uendelee hata baada ya kuachia stata hadi mzunguko urudi karibu hapo. Kwa betri ya ndege ukomo ni sekunde 30, pumzika 60, tena 30, pumzika 60, tena 30, kisha dakika 30 za kupoza. Kwa umeme wa nje ni sekunde 20, pumzika 120, na baada ya mara ya tatu saa nzima. Stata nyingi zinaungulia hapa, kwa sababu wakati wa kuosha hakuna anayeangalia saa. Sabuni iachwe ilowanishe uchafu kwanza, halafu suuza mpaka maji yatoke meupe.

Mwisho washa injini na uikaushe kwenye Ng 80% kwa dakika moja au zaidi. Ukiiacha imelowa usiku kucha, hujasaidia kitu.

Bomba_la_P3
Shukrani sana wakuu. Separata na kipimo cha torki nitavipima kesho. Swali: maji ya bomba ya hapa uwanjani yanafaa? Na kuna haja ya kuosha tabaini pia?

Chumvi_na_Nikeli
Maji ya bomba au kisima cha pwani, hapana, mpaka yapimwe. Kitabu kina jedwali la kiwango cha chumvi na madini yanayoruhusiwa. Maji yenye chumvi yanakauka ndani na kuiacha palepale ulipotaka kuitoa. Tumia yaliyoondolewa madini, na uyatunze kwenye tangi safi la plastiki au la chuma kisichoshika kutu.

Tabaini ioshe, ndiyo. Unachomoa plagi moja ya ignisheni na kuweka mrija maalumu kwenye tundu lake. Sodiamu ya chumvi ya bahari inakutana na salfa ya mafuta (Jet A-1 inaruhusiwa kuwa na hadi 0.30% ya uzito) na kutengeneza sodiamu salfeti, ambayo inakula nikeli ya bledi. Inaanza kama rangi kubadilika na ngozi kukwaruza, kisha malengelenge, kisha chuma kinabanduka kwa matabaka. Hatua hiyo ya mwisho hakuna maji yanayoirudisha nyuma.

Noseli14
Nyongeza fupi. Ukifikia muda wa noseli za mafuta, zitoe zote 14 na uzipime mnyunyizo kwenye benchi. Noseli inayotoa mchirizi badala ya ukungu inachoma sehemu moja ya ringi ya vani, na wastani wa ITT hauonyeshi kitu. Matundu yakiwa wazi, pitisha boroskopu (kamera nyembamba ya kuchungulia ndani) uangalie vani na bledi za tabaini, ili ofisini wapate picha badala ya kubahatisha. Gasketi ziwe mpya, na pima uvujaji baada ya kufunga.

Flanji_C
Ukishaosha, rusha ndege kwa mwinuko, torki na mzunguko uleule wa propela, ulinganishe na 690 na 95.1 zako. Zikirudi karibu na hapo, ulikuwa uchafu. Zikibaki juu, toa wavu wa hewa na uangalie bledi za hatua ya kwanza ya kompresa kwa tochi na kioo. Vumbi la mbugani linakula ukingo wa mbele na kukonda ncha. Hapo pima kwa vipimo vya kitabu. Sehemu ya moto hata hivyo haitakuwa ndiyo kosa.

Na lile bomba la P3: likilegea, kidhibiti kinakosa ishara ya hewa na mafuta yanashuka hadi kiwango cha chini kabisa, injini inapungua nguvu hata mpini wa nguvu ukiwa mbele. Likaze kwa torki ya kitabu, na fundi wa pili mwenye leseni alikague na kusaini kabla ya hati ya kurudisha ndege kazini. Kibao cha sakiti breka kiondolewe saa hiyohiyo.