Shimo katika kiwanja cha mama, Kadutu: gharama ya kulitengeneza

Ndugu zangu wa Bukavu,

Tangu mvua za mwezi wa kumi na moja, udongo umetitia kwenye pembe ya nyumba ya mama yetu huko Kadutu, na sasa pana shimo lenye kina cha kiuno cha mtu. Fundi anaomba dola 900 za mawe, udongo na wabebaji. Je, nizitume?

Jibu:

Dada, pole sana, wewe pamoja na mama. Nakusihi usitume fedha za kufukia kabla ya kujua maji yanaingilia wapi. Mimi nilituma dola 700 kwa kiwanja chetu, shimo likajazwa na kushindiliwa vizuri, lakini msimu uliofuata udongo wote ulizama tena, kwa kuwa maji ya mabati ya majirani wa juu yalikuwa yakipenya palepale.

Hapa Florida ninapoishi, mwamba wa chokaa ulio chini ya ardhi huyeyushwa polepole na maji ya mvua na kuacha mapango, ndiyo maana mafundi hutoboa ardhi na kusukumia uji wa saruji ndani. Usimlipe mtu atakayekuahidi dawa hiyo Bukavu, kwani vilima vyetu ni vya udongo wa mfinyanzi uliotokana na miamba ya volkeno, na udongo huo ukishiba maji huteleza.

Mwombe fundi atenganishe bei ya mawe, ya saruji, ya kubeba na ya mtaro, kwa sababu lori huishia barabarani na kila jiwe hupandishwa kwa mgongo. Kwetu kubeba kulizidi bei ya mawe yenyewe. Mtaro wa kusakafiwa na mifereji ya paa vitangulie, na majirani wa juu wakubaliane mbele ya mkubwa wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa.

Mtu akague pia nyufa za ukuta. Zikizidi kurefuka, milango ikawa haifungi na miti ikainama, basi mteremko mzima unatembea, kama ule wa mtaa wa Funu huko huko Kadutu, na hapo heri dola hizo 900 zimlipie mama kodi ya nyumba kwingine. Kwa sasa, asilale tena katika chumba cha pembe hiyo.