Je, ngome ya Raila Lang'ata ilivunjika mwaka 2017, au ilikuwa imehamishwa tayari?

Mkaazi wa Makina aliuliza:

Naomba msaada wa wale wanaofuatilia historia ya chaguzi za Nairobi. Kura yangu ya kwanza niliipiga Makina, mtaa ulio Kibera, mwaka 2002, nikiwa mpiga kura wa eneo bunge la Lang'ata, na mwaka 2007 nikarudi katika chumba kile kile cha darasa nikaipiga ya pili. Ilipofika Machi 2013 niliingia tena chumbani humo, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani kama kawaida, na karatasi ya kura ya ubunge niliyopewa ilikuwa ya eneo bunge jipya, Kibra. Sikuwa nimehama hata hatua moja.

Kila ninaposoma uchambuzi kuhusu ushindi wa Nixon Korir wa chama cha Jubilee katika kiti cha ubunge cha Lang'ata mwaka 2017, huambiwa kwamba watu wa Lang'ata waliiacha ODM, chama cha Raila Odinga, baada ya kumchagua Raila kwa miaka ishirini. Maelezo hayo yananitatiza, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliomchagua, nami sikuwa na kura Lang'ata mwaka huo. Je, ni sahihi kulinganisha matokeo ya 2007 na ya 2017 kana kwamba ni eneo bunge moja?

Mpenda Daftari alijibu:

Ndugu Mkaazi, swali lako lina uzito, na kwa maoni yangu jibu ni hapana. Katiba ya 2010 iliongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290, na katika mipaka iliyotangazwa mwaka 2012 Nairobi ikatoka maeneo manane hadi 17. Lang'ata ya zamani ilibeba Karen, Nairobi West na Mugumo-ini pamoja na Kibera, mitaa ya matajiri, ya wafanyakazi wa mishahara ya wastani na ya vibanda ikiwa katika daftari moja. Baada ya mgawanyo, wadi za Laini Saba, Lindi, Makina na Sarang'ombe zikawa Kibra, pamoja na Woodley/Kenyatta Golf Course, ilhali Lang'ata ikabaki na Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise.

Kwa hiyo jina la Lang'ata lilibaki upande mmoja, na sehemu kubwa ya kura zilizolipa jina hilo umaarufu ikaenda upande wa pili. Joash Olum wa ODM alishinda Lang'ata mpya mwaka 2013, lakini tayari ilikuwa uwanja wa ushindani. Korir akaichukua mwaka 2017, kisha mwaka 2022 Felix Odiwuor, anayejulikana zaidi kama Jalang'o, akairudisha ODM kwa tofauti ndogo ya kura. Eneo linalobadilisha mikono namna hiyo katika chaguzi tatu halikuwa ngome tangu mwanzo wake mpya.

Ukitaka kuiona ngome yenyewe, itazame Kibra. Ken Okoth alishinda kwa tikiti ya ODM mwaka 2013 na 2017, na alipofariki Julai 2019 uchaguzi mdogo uliofanyika tarehe 7 Novemba ulimpa ushindi ndugu yake, Imran Okoth wa ODM, kwa kura 24,636. McDonald Mariga, aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa ya kandanda na aliyesimamishwa na Jubilee, alipata 11,230, na Eliud Owalo wa ANC akapata 5,275. Hata ukizijumlisha kura za hao wawili hawamfikii. Mwaka 2022 Peter Orero akakihifadhi kiti hicho kwa chama kile kile.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Nakubaliana na Mpenda Daftari kuhusu mipaka, ila ningependa tusiihesabu Lang'ata ya zamani kuwa ngome ya chama chochote. Mwaka 1974 ilimchagua Mwangi Mathai, na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalihusishi na siasa za mtaa huu: katika kampeni aliahidi kuwatafutia watu ajira, na ni ahadi hiyo iliyomfanya mke wake wa wakati huo, Wangari Maathai, aanzishe biashara ndogo ya kuotesha na kutunza miti ili wapiga kura wapate kazi. Biashara haikudumu, lakini wazo lake ndilo lililozaa vuguvugu la upandaji miti la Green Belt mwaka 1977. Katika uchaguzi wa 1979 Lang'ata ikamchagua Philip Leakey, Mkenya wa asili ya Kizungu, katika Bunge la chama kimoja. Ni eneo lililozoea kuangalia mtu, si chama.

Raila naye alikishinda kiti hicho kwa vyama vinne tofauti: FORD-Kenya mwaka 1992, NDP mwaka 1997, NARC mwaka 2002 na ODM mwaka 2007. Alipotofautiana na Kijana Wamalwa kuhusu uongozi wa FORD-Kenya na kuhamia NDP, sheria ya wabunge wanaohama chama ilimlazimu kukiacha kiti, akarudi kwa wapiga kura katika uchaguzi mdogo mapema mwaka 1997, nao wakamrudisha. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1966 ili kumbana baba yake, Jaramogi Oginga Odinga, na wenzake waliotoka KANU, chama tawala, kuunda chama cha KPU. Nilipokuwa nikifundisha, nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu miaka hiyo miwili, 1966 na 1997, ubaoni, mmoja chini ya mwingine, nao waliielewa haraka kuliko maelezo yoyote ya kitabuni.

Tusisahau pia kwa nini kiti kimoja cha Nairobi kilipiganiwa vikali hivyo mwaka 2007. Chini ya Katiba ya zamani, mtu hakuweza kuwa rais bila kuchaguliwa pia kuwa mbunge. Kama Raila, aliyekuwa akigombea urais, angeshindwa na Stanley Livondo wa chama cha PNU hapo Lang'ata, kura zake zote za urais nchi nzima zisingemfikisha Ikulu. Ndiyo maana jina lake lilipokosekana katika daftari la kituo chake Kibera siku ya kupiga kura, ikabidi arudi baadaye, taharuki ilikuwa kubwa. Katiba ya 2010 iliondoa sharti hilo, na mwaka 2013 akagombea urais bila kuwania kiti chochote cha ubunge.

Mpenda Daftari alijibu:

Mwalimu, nakubali marekebisho hayo, na nadhani yanaipa hoja nguvu zaidi. Kama kura zilimfuata mtu, basi mwaka 2013 Lang'ata ilipoteza mambo mawili kwa pamoja: mtu mwenyewe, na sehemu kubwa ya watu waliomfuata. Anayesema wapiga kura walibadilisha msimamo anapaswa kwanza kutuonyesha wapiga kura gani.

Kwa yeyote anayetaka kufanya ulinganisho wa haki, ashuke hadi ngazi ya vituo. Achukue fomu za matokeo za vituo vya Karen, South C na Nairobi West mwaka 2013, 2017 na 2022, avilinganishe vituo hivyo vyenyewe kwa vyenyewe, kisha afanye vivyo hivyo kwa Lindi na Laini Saba. Ni kazi ya jioni nyingi, lakini jumla za eneo bunge zima haziwezi kuvuka mwaka 2012 bila kupotosha.

Mkaazi wa Makina alijibu:

Nawashukuru nyote wawili, na hasa Mwalimu kwa habari ya miti, ambayo sikuwahi kuisikia ikitajwa nyumbani kwetu. Nitaanza na vituo vya Makina kwa kuwa navijua kimoja kimoja, kisha nivuke barabara nifanye vya Nyayo Highrise. Ningependa kuimaliza kazi hii kabla mipaka haijachorwa tena, maana Katiba inataka ipitiwe upya kila baada ya miaka minane hadi 12, na miaka hiyo 12 ilitimia Machi 2024 tume ya uchaguzi na mipaka ikiwa haina makamishna. Nikiziweka fomu katika jedwali nitalileta hapa, na yeyote aliyehifadhi nakala za matokeo ya Lang'ata ya 2007 kwa kila kituo anijulishe, kwa sababu hapo ndipo mnyororo wangu unapokatika.