Mwenzangu wa kazi ni Mwaborijini, tangu kura ya Voice amenyamaza. Nifanyeje?

Mpishi_Darwin: Habari zenu wakubwa. Mimi mtu wa Tanga, napika kwenye nyumba ya wazee huku Darwin. Mwenzangu jikoni ni mama wa Kiaborijini, msemaji hasa, ndiye aliyenifundisha kumchoma samaki barramundi. Tangu kura ya maoni ya tarehe 14 Oktoba 2023, ile ya Voice, yaani kuweka kwenye katiba ya Australia chombo cha wenyeji wa asili cha kushauri bunge na serikali, anamenya viazi kimya kimya. Juzi msimamizi akamuuliza mbele ya watu, "Kwani mlikuwa mnataka nini hasa?" Mama akafungulia bomba la maji mpaka mwisho, jibu hakutoa. Mimi si raia, hata kura sikupiga. Naogopa pole yangu itamtonesha.

Nesi_Perth: Kaka, majimbo yote 6 yamesema Hapana, nchi nzima karibu asilimia 60. Na wenyeji wa asili hawafiki wanne katika kila watu mia. Akipanda basi, anajua wengi humo wamemkatalia. Viongozi wao wenyewe walitangaza wiki ya kimya, bendera nusu mlingoti. Kwa hiyo usimlazimishe kuongea. Msimamizi akianza tena, ingilia wewe, mwite stoo akaangalie mchele. Na mama akitaka kupumzika Jumamosi, shika zamu yake.

Babu_Juma: Mnajuaje alipiga Ndiyo? Seneta Jacinta Nampijinpa Price, wa hukohuko Northern Territory, alikuwa mstari wa mbele kupinga. Seneta Lidia Thorpe, naye mwenyeji wa asili, alipinga pia, kwa sababu tofauti kabisa: yeye anadai mkataba kati ya serikali na wenyeji. Usimwendee na rambirambi kabla hujajua amesimama wapi.

Nesi_Perth: Sawa babu, ila vijiji vya mbali huko vilipiga Ndiyo kwa wingi. Na hata wa Hapana matusi ya kampeni yamemfikia. Mpishi, ukiona hali chakula, halali usingizi, au anaongea maneno ya kukata tamaa, mpe namba ya 13YARN, simu ya msaada kwa wenyeji wa asili waliolemewa: 13 92 76. Wanaopokea ni wenyeji wenzake, usiku na mchana. Mpe mkiwa wawili, si kwenye grupu la kazini!

Mpishi_Darwin: Asanteni sana. Redio ya jikoni nayo naizima, maana ni uchambuzi wa kura asubuhi hadi jioni. Hiyo zamu, nimwambie msimamizi au tubadilishane wenyewe?

Babu_Juma: Mwambie, tena kwa maandishi. La sivyo hela ya Jumamosi itabishaniwa mpaka Krismasi.