Tony Soprano anampenda kweli binti yake?

Mpenda Tamthilia: Wakuu, nimerudia The Sopranos, tamthilia ya Kimarekani kuhusu bosi wa mafia Tony Soprano, tangu mwanzo na kuna kitu kinanisumbua. Msimu wa kwanza, 1999, Tony anampeleka binti yake Meadow kuangalia vyuo huko Maine. Garini binti anamuuliza kama yumo kwenye mafia. Anakana, kisha anakiri kidogo. Baadaye, Meadow akiwa kwenye usaili chuoni, baba yuko msituni anamnyonga msaliti wa zamani kwa waya. Halafu anakwenda kumchukua binti. Mimi naamini anampenda. Asingempenda, asingejali binti anamwonaje.

Dada wa Pwani: Na Christopher, kijana wa genge lake, je? Aliyemlea kama mwanawe? Msimu wa mwisho gari linapinduka, Tony anaona tawi limepenya kwenye kiti cha mtoto, kisha anambana pua Christopher mpaka anakata roho. Hayo ni mapenzi gani, ndugu yangu?

Mzee wa Misimu: Usisahau wale bata wa porini aliowapenda. Walipoondoka kwenye bwawa lake la kuogelea, alianguka akazimia. Huruma anayo, ila humwendea asiyeweza kumdai wala kumshtaki.

Mpenda Tamthilia: Mzee, hapo umenigusa. Lakini Meadow anamdai ukweli kila siku, na hajawahi kumgeukia. Dada, kwa Christopher sina utetezi. Kile kiti cha mtoto kinanifanya niamini aliua akimfikiria kichanga wa Christopher, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.