Nitaonaje umeme unavyotumika saa hiyohiyo? Uniti za LUKU zinakimbia

Mama Barafu
Habari zenu wadau. Nipo Tanga, nauza barafu za ukwaju na ubuyu nyumbani. Nina friza moja la kulala, lina miaka sita. Nyumba nzima tulizoea uniti 3 kwa siku. Wiki ya tatu hii zinakwenda 5, na sijaongeza kifaa hata kimoja. Kila asubuhi naandika namba ya mita kwenye daftari la mauzo, lakini daftari linanipa ya jana tu; nani anakula umeme saa hii halisemi. Watoto nimewagombeza kwa ajili ya TV na sina hakika kama ni wao. Bei siwezi kupandisha, wateja wangu ni wanafunzi. Nisaidieni.

Fundi wa Mtaa
Dada, kipimo unacho tayari. Tazama kitaa chekundu kwenye mita, pembeni pameandikwa imp/kWh. Ikiwa ni 1000, kikipepesa mara 1000 uniti moja imekwenda. Hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi unaofuata, chukua 3600 ugawe kwa sekunde hizo, unapata wati. Pasi ya wati 1000 inakipepesa kila sekunde 3.6. Kama imeandikwa 1600, badala ya 3600 tumia 2250. Zima vyote, washa kimoja kimoja.

Juma K
Mimi nilichoka kusimama mbele ya mita, nikafungiwa kifaa chenye koleo la kubana waya wa laini kuu. Wati nazisoma kwenye simu. Koleo libane waya mmoja tu. Likibana zote mbili linasoma sifuri, maana umeme unaokwenda na unaorudi unafutana. Mwachie fundi kazi hiyo, kwenye swichi kuu hapajaribiwi. Kwa friza pekee, mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi inatosha.

Mama Barafu
Nimeamka saa 8 usiku, nimezima vyote nikaacha friza. Mita yangu ni 1000. Sekunde 20, kwa hiyo wati 180. Nimevuta kigoda nikakaa saa nzima, sekunde ni zilezile 20, halikupumzika hata mara moja! Kwa saa 24 hizo ni uniti 4.3. Kumbe karibu zote ni lenyewe.

Fundi wa Mtaa
Hapo ndipo penyewe. Friza lisilo na tatizo hufika baridi yake, likajizima, baadaye likawaka tena. Bana karatasi kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka kirahisi, mpira haukamati.

Mama Barafu
Upande wa mbele karatasi imegoma. Kona ya nyuma, kwenye bawaba, imetoka yenyewe. Mpira umechanika kiasi cha kidole. Nimeweka mpya, nimeyeyusha barafu iliyoganda kutani, na friza nimelisogeza mbali na ukuta. Jana usiku nimekaa tena na kigoda changu. Linanguruma, linanyamaza, na likinyamaza kitaa kinatulia kabisa. Asubuhi daftari limesoma 3.2. Fundi, Juma, Mungu awazidishie. Watoto nimewaomba radhi.