Lesi ya mbele ya wigi inanyanyuka kabla ya saa sita mchana, naombeni ushauri

Chaki_na_Ubao
Habari za humu wapendwa. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Nilijibana miezi mitatu nikanunua wigi la lesi, lile lenye wavu mwembamba mbele unaobandikwa kwenye paji, nywele ya binadamu, inchi 14. Nalipenda mno, maana panja zangu zimekwisha kwa rasta za kukaza nilizosukwa tangu nikiwa chuo.

Asubuhi nikitoka nyumbani lesi imelala vizuri. Ikifika saa nne naanza kuhisi kijiupepo kinapita juu ya paji. Saa sita, pembe ya kushoto karibu na sikio imeshasimama kama ukucha, na chini yake kuna utelezi mweupe. Juzi nimegeuka kutoka ubaoni, mtoto wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, hiyo nini?" Nilimaliza kipindi mkono mmoja uko kichwani.

Ninaosha uso, napaka losheni, kisha ile jeli ya kubana nywele, tabaka nene, nalaza lesi na kuipuliza kwa drai. Nimejaribu kuongeza jeli, ndiyo kwanza hali inazidi. Wiki mbili zijazo, Jumamosi, ni sendofu ya mdogo wangu na mimi ndiye dada mkubwa, nitasimama mbele ya ukumbi mzima. Nisaidieni.

MamaMapacha
Pole dada. Losheni acha kabisa pale mbele, na mafuta ya kujikinga na jua vilevile. Gundi haishiki juu ya mafuta. Nenda duka la dawa ununue spiriti ya asilimia 70, lowesha pamba, futa paji mpaka pamba itoke safi. Mimi hata jioni ya kuamkia siku hiyo sipaki mafuta usoni.

Msusi_wa_Temeke
Mwalimu, pembe moja ikitangulia kunyanyuka kila siku mahali palepale, mimi sianzi na gundi, naanza na kofia ya wigi, yaani ile ya ndani iliyoshonewa nywele. Leo jioni livae kavu, bila kitu chochote, lesi ikae pale unapoibandika, kisha achia mikono. Inama, geuza shingo, cheka. Likirudi nyuma hata upana wa kidole, ujue linavutwa kisogoni, na hakuna gundi itakayoshindana na mvuto huo kutwa nzima. Chukua futi ya fundi cherehani upime mzunguko wa kichwa ukiwa umeshasukwa. Kofia nyingi za dukani ni za saizi ya kati, kama inchi 22 na nusu, na mistari minene chini inaongeza kichwa.

La pili ni hiyo jeli. Inayeyuka kwa maji, na jasho ni maji. Utelezi mweupe unaouona ni jeli yenyewe imerudi kuwa majimaji, kwa hiyo ukiiongeza unaongeza utelezi. Tafuta gundi halisi ya wigi, ile inayotoka nyeupe kama maziwa. Paka utando mwembamba kiasi cha kuona ngozi kupitia kwake, subiri mpaka weupe wote uishe, ndipo upake wa pili, na wa tatu kwa kuwa uko pwani. Gusa kwa kidole: ivute kidole lakini isibaki kidoleni. Hapo ndipo unalaza lesi, unaikandamiza kwa mgongo wa chanuo, unafunga kitambaa cha satini dakika 20. Wanaoharibu wengi wanalaza ikingali nyeupe. Maji yanafungiwa chini, na hayana pa kutokea.

Kwa sendofu bandika Ijumaa asubuhi. Saa 24 za kwanza usiloweshe wala usitoke jasho ukiweza.

Nesi_wa_Zamu
Naomba niongeze, maana hizo panja zimenigusa. Gundi ikae kwenye ngozi, mbele ya nywele zako, isiguse hata malaika. Ukibandika na kubandua kila siku, vinyweleo vilivyobaki vitaondoka na gundi, na nywele iliyovutwa miaka mingi hufika mahali haioti tena. Usibandue kwa kuvuta. Weka dawa ya kuyeyushia gundi, subiri ilegee yenyewe. Gundi mpya ijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa saa 24, baadhi zina mpira asilia na kuna watu wanavimba. Ikiwasha au ikichoma, nenda kliniki ya ngozi.

Kwa siku za shule mimi ningekuomba uache gundi kabisa. Mkanda wa velveti kichwani chini ya wigi ili lisiteleze, na lastiki ishonwe ndani ya wigi toka sikio hadi sikio.

Msusi_wa_Temeke
Naungana na Nesi. Lastiki isikaze mpaka kichwa kiume, na isipite juu ya panja zenyewe.

Chaki_na_Ubao
Mrejesho. Nilifanya lile jaribio la kulivaa kavu, likarudi nyuma upana wa vidole viwili! Kumbe vile vikulabu vya nyuma nilivifunga tundu la mwisho la kubana. Nimevilegeza, nimesuka mistari myembamba. Sendofu nimebandika kwa gundi, tabaka tatu, na lesi ilikaa mpaka saa sita usiku, na nimecheza na nimelia wakati wa kumkabidhi mdogo wangu. Pembe ya kushoto haikutikisika. Shuleni navaa na mkanda wa velveti, na mikono yote miwili iko kazini. Asanteni sana.

Swali moja: gundi ya zamani imeganda kwenye lesi. Naitoaje?

Msusi_wa_Temeke
Hongera sana mwalimu. Tandaza lesi juu ya taulo, upande wa ndani ukitazama juu. Lowesha kwa dawa ileile ya kuyeyushia, acha dakika 10, kisha sugua taratibu kwa mswaki laini ukielekea ukingoni, usirudi kwenye mafundo ya nywele. Futa na spiriti, anika kivulini. Usilivae mpaka likauke kabisa.